Uzi mmoja unawezaje kuhudumia maelfu ya watumiaji?

mdadisi_wa_seva:
Habari zenu, wakuu. Nasoma kwamba Node.js, programu ya kuendesha JavaScript kwenye seva, huendesha msimbo wetu kwenye uzi (thread, yaani mfuatano wa maagizo) mmoja tu, na bado husifiwa kwa kuhudumia maelfu ya watumiaji kwa pamoja. Ikiwa ombi langu linasubiri majibu ya hifadhidata, kwa nini walio nyuma yangu wasikwame?

fundi_mitambo:
Kwa sababu wakati huo ombi lako halihitaji prosesa hata kidogo. Ombi la kawaida la wavuti hutumia sehemu kubwa ya muda wake likingoja hifadhidata au seva nyingine. Katika mtindo wa zamani kila muunganisho hupewa uzi wake, nao hulala hapo hadi data ifike, huku ukishikilia kumbukumbu na kuuongezea mfumo endeshi kazi ya kuzipangia zamu nyuzi zote hizo. Mhandisi wa programu Dan Kegel aliandika kuhusu mzigo huu mwaka 1999 akauita C10K, yaani seva moja kubeba miunganisho 10,000.

Seva ya asinkroni, kama ya Node.js, haingoji muunganisho mmoja mmoja. Huuliza mfumo endeshi, kwa epoll kwenye Linux au kqueue kwenye FreeBSD, ni soketi (ncha za miunganisho) zipi zilizo tayari. Hushughulikia hizo tu, kisha huuliza tena. Ombi linalosubiri hubakiza kumbukumbu kidogo tu, ya kuonyesha lilipoishia na litakavyoendelea. Nginx, seva ya wavuti iliyotolewa mwaka 2004, imejengwa juu ya utaratibu huohuo.

bi_msimbo:
Naomba niongeze tahadhari, maana wengi hudhani asinkroni huharakisha kila kitu. Ukiandika `await asyncio.sleep(2)` (subiri sekunde mbili) ndani ya `async def`, yaani funksheni ya asinkroni katika Python, uzi unaachiwa wengine; lakini ukiandika `time.sleep(2)` ndani ya `async def` hiyohiyo, watumiaji wote wanaotegemea uzi huo husimama sekunde mbili, hata anayeomba ukurasa mwepesi kabisa. Hesabu nzito hufanya vivyo hivyo, na hakuna `await` itakayoiokoa.

mdadisi_wa_seva:
Basi kazi ya kupunguza ukubwa wa picha niiweke wapi?

fundi_mitambo:
Nje ya uzi huo: `worker_threads` (nyuzi za ziada) kwa Node.js, au prosesi tofauti (programu inayoendeshwa kivyake) kwa Python. Pia ikague hifadhidata yako, kwani ukiiwekea kikomo cha miunganisho 20, maombi 5,000 yatapokewa vizuri na seva, kisha yatapanga foleni kwenye miunganisho hiyohiyo 20.