Gemu likienda kwa jirani, wewe umeibiwa nini?

Wakuu, salamu baadaye. Leo nimechoka na sitamumunya maneno. Mods mkiona nimevuka mpaka fungeni uzi, lakini nisomeni kwanza.

Kila inapotangazwa kwamba gemu la kambi fulani, iwe PlayStation ya Sony, Xbox ya Microsoft au kompyuta (PC), linakwenda kambi nyingine, tunaanzishiwa matanga. Mtu mzima na ndevu zake anaandika bandiko refu la kuaga. Mwingine anapiga picha konsoli, yaani mashine yake ya gemu, ikiwa kwenye boksi, anasema anaiuza. Wa tatu anakwenda kuwatukana wasanii na waandika programu wa gemu ambao hata kwenye kikao cha uamuzi hawakuitwa. Ukiuliza kulikoni, unajibiwa "wamelitoa gemu letu." Letu na nani? Una hisa pale?

Hoja yenu kubwa naijua kwa moyo: "Nilinunua mashine hii kwa sababu ya gemu lile." Sawa, na ulilicheza au hukulicheza? Horizon Zero Dawn lilitoka kwenye PS4, yaani PlayStation ya nne, Februari 2017, likafika PC Agosti 2020. Mwenye PS4 alikaa nalo peke yake miaka mitatu na nusu. Alilimaliza, akamaliza na nyongeza yake, akachukua kombe la platinamu la kumaliza kila kitu, akaiuza na diski. God of War la 2018 lilisubiriwa PC hadi Januari 2022. Ghost of Tsushima la 2020 likaja Mei 2024. Siku watu wa PC walipoyapata, diski yako ilijifuta? Sevu yako, yaani pale ulipofikia, ilihama? Aloy, shujaa wa Horizon, alifungasha mizigo akakuachia menyu tupu? Ulinunua nafasi ya kulicheza mapema na uliipata yote, mpaka ukalichoka. Unachokidai sasa ni kwamba mwingine asilicheze kabisa, na hicho hakuna risiti iliyowahi kukuuzia.

Halafu hili la Halo, ndilo lililonitoa povu hasa. Oktoba 2025 lilipotangazwa Halo: Campaign Evolved, yaani kampeni (sehemu ya hadithi) ya lile la kwanza iliyotengenezwa upya, na ikasemwa litakwenda PS5 pia, wazee wa Xbox mliomboleza kama vile bendera imeshushwa. Nembo ya kambi, Master Chief, shujaa wa Halo, kwenye mashine ya wale! Hivi mnajua Halo lilitambulishwa wapi kwa umma? Macworld, maonyesho ya Mac, Julai 1999, na aliyesimama jukwaani kulitambulisha ni Steve Jobs wa Apple. Lilikuwa linakuja kwenye Mac na Windows. Juni 2000 Microsoft wakatangaza kuinunua Bungie, studio iliyokuwa ikilitengeneza, gemu likageuzwa kuwa la kuiuzia Xbox, likatoka nayo Novemba 2001. Wenye Mac walikaa wakisubiri hadi mwisho wa 2003. Sikumbuki kambi yenu ikiwaonea huruma. Mlishangilia, na hadi leo mnalihesabu gemu lile kuwa lililoibeba Xbox kutoka sifuri. Mkuki kwa nguruwe!

Na kwa wadogo ambao wanaona haya ni mambo ya jana: mwaka 2001 Sega waliacha kutengeneza konsoli baada ya Dreamcast, mashine yao ya mwisho, na kabla mwaka haujaisha Sonic, nembo yao, alikuwa ndani ya mashine za Nintendo, nyumbani kwa Mario, mahasimu wa miaka kumi. Dunia haikupasuka.

Haki nitawapa sehemu moja tu, nayo ni Resident Evil 4. Capcom, wenye gemu, walilinadi kwamba ni la GameCube ya Nintendo peke yake. Msimamizi wake, Shinji Mikami, alifika mahali pa kusema hadharani atajikata kichwa likitoka PS2. Watu wakanunua GameCube. Kisha toleo la PS2 likatangazwa kabla hata lile la GameCube halijafika madukani Januari 2005, na lilipotoka Oktoba mwaka huohuo likaja na kampeni ya ziada ya mhusika Ada Wong ambayo wenye GameCube hawakuwa nayo. Aliyekasirika pale ana kesi. Aliahidiwa, akatoa pesa kwa ahadi ile, ahadi ikavunjwa, na juu yake akapewa kilichopungua. Lakini kesi yake ni na aliyeahidi. Yule aliyekuwa na PS2 ana kosa gani? Yeye alikuwa amekaa kwake anasubiri gemu.

Sasa mnajiuliza kwa nini kampuni zinafanya hivi, mnatunga njama. Hakuna njama, ni pesa tu. Mwaka 2023 kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft kuhusu kuinunua Activision Blizzard, mchapishaji wa magemu, ziliwekwa mahakamani hati za Sony ambazo siri zake zilikuwa zimepakwa kalamu nyeusi. Zilipoingia kwenye skana, wino ukaonyesha maandishi ya chini! Ndivyo dunia ilivyojua kwamba The Last of Us Part II liligharimu takriban dola milioni 220, na Horizon Forbidden West milioni 212. Piga hesabu mwenyewe. Gemu la dola 60 linahitaji nakala zaidi ya milioni tatu na nusu ndipo milioni 220 zirudi, na hapo hujamtoa mwenye duka wala hujapunguza bei hata mara moja. Kampuni ikishamaliza kuwauzia ninyi, inakwenda kwa jirani. Bila jirani, gemu la tatu halitengenezwi, au linatengenezwa lenye maduka ya mavazi ndani yake, halafu mje kulia tena.

Kinachoniuma ni kwamba mnamaliza hasira zote kwenye jambo lisilowagusa, na linapokuja la kukasirikia kweli mnakaa upande wa kampuni.

Machi 2023, The Last of Us Part I lilifika PC. Aliyelinunua siku ile anajua nilichokusudia. Unafungua, unakutana na menyu na asilimia ndogo pembeni: gemu linaandaa sheda, yaani maelekezo ya kadi ya grafiksi ya kuchora picha. Asilimia 4. Feni inalia, prosesa iko mia kwa mia. Asilimia 11. Wengine walisubiri zaidi ya saa nzima. Wakiingia, linajizima. Wakirudi, Joel, mhusika mkuu, amelowa chapachapa ndani ya nyumba isiyovuja. Sasa sikilizeni kilichokuwa kinauma zaidi: Steam, duka la magemu ya PC, hukurudishia pesa ukiwa umecheza chini ya saa mbili, ndani ya siku 14. Na kile kibarua cha kuandaa sheda kinahesabiwa kama kucheza, maana gemu liko wazi. Mtu anaangalia asilimia inapanda huku haki yake ya kurudishiwa pesa inashuka, na bado hajapiga hatua moja ndani ya gemu! Wakati huo mashabiki wa PlayStation walikuwa wapi? Walikuwa wanacheka. "Si mlililia? Chezeni." Kampuni imeuza bidhaa mbovu kwa bei kamili, na kuna wanaoipigia makofi kwa kuwa mbovu imekwenda kwa jirani.

Mwaka uliofuata ikawa Helldivers 2, gemu la Sony la kupigana kwa kikosi mtandaoni. Lilitoka Februari 2024 PS5 na PC siku moja, watu wakapigana bega kwa bega, raha mustarehe. Mwanzoni mwa Mei likaja tangazo: wa PC lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Tatizo ni kwamba huduma ile haipo rasmi katika nchi nyingi sana, ambako Steam ilikuwa imeshaliuza gemu. Yaani umelipa, unacheza miezi, halafu unaambiwa uonyeshe kitambulisho ambacho nchi yako haipewi. Gemu likaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Watu wakamwaga maoni hasi zaidi ya laki mbili ndani ya siku chache, na Sony wakarudi nyuma kabla wiki haijaisha. Ndiyo hasira ninayoielewa mimi, yenye anwani na yenye dai.

Na humu ndani? Mabandiko ya "kufungua akaunti ni dakika mbili, acheni kudeka." Dakika mbili kwako wewe ambaye nchi yako iko kwenye orodha. Mwezi huohuo Ghost of Tsushima likaondolewa sokoni kwenye nchi zilezile kabla ya kutoka, wakati sehemu ya kucheza peke yako haikuhitaji akaunti hata chembe. Hapo hakuna aliyeuza konsoli yake kwa uchungu.

Watu wa PC msicheke, zamu yenu hii. Januari 2019 Metro Exodus lilitolewa Steam likapelekwa duka la Epic kwa mwaka mmoja, wiki chache kabla ya kutoka. Mlichokifanya ni kwenda kuyapaka matope kwa maoni hasi magemu ya zamani ya Metro, ambayo hayakuwa na hatia yoyote. Borderlands 3 mlifanya vilevile. Kompyuta ni ileile, kibodi ileile, gemu lilelile. Kilichobadilika ni ikoni ya kubofya! Kulalamika kwamba duka lile lilikuwa bovu, hapo niko na ninyi. Lilikaa hadi Desemba 2021 ndipo likapata kikapu cha kununulia. Duka la mtandaoni bila kikapu, miaka mitatu! Lakini Epic walikuwa wanakata asilimia 12 na Steam 30, kwa hiyo msishangae mchapishaji alifuata nini.

Tukumbushane na tarehe 26 Agosti 2025. Siku hiyohiyo moja Helldivers 2 lilitua Xbox, na Gears of War: Reloaded likatua PS5. Kambi mbili zilibadilishana wafungwa mchana kweupe. Niambieni nani alikufa. Kwenye Helldivers, wenye PS5, PC na Xbox wakajikuta kikosi kimoja, wanaokotana kwenye matope na kulipuana kwa bahati mbaya kama kawaida. Anayecheza gemu la mtandaoni anajua jinsi lobi (chumba cha kusubiria wachezaji) tupu inavyoliua. Jirani aliyekuja na mashine yake ndiye anayefanya usisubiri mechi mpaka usinzie.

Nyongeza, maana komenti zimeshakuwa nyingi:

Aliyeniita wakala wa kampuni, rudi usome kuhusu sheda na akaunti, halafu uniambie ni wakala gani anayeandika hivyo.

Anayesema "basi hakuna sababu ya kununua konsoli tena", mkuu, hiyo ni shida ya muuzaji wa konsoli, wewe unaibebea nini? Kama sababu pekee ya kuwa na mashine ile ilikuwa mwenzako asiwe na gemu, basi usinunue. Nunua inayokupa bei nzuri, padi isiyoumiza mkono na marafiki mnaocheza pamoja.

Aliyeuliza kuhusu magemu aliyonunua kidijitali miaka yote, kwamba akihama hayahami naye: wewe ndiye umegusa penyewe. Umelipa kambi moja, gemu hilohilo sasa liko kambi ya pili, na ukivuka unalipa upya bei kamili, makombe hayaji, na sevu inakuja kwa magemu machache yenye akaunti ya mchapishaji. Ungefunguliwa uzi wa kurasa mia juu ya hilo ningekuwa wa kwanza kutia sahihi. Badala yake tuna kurasa mia za kulia kwamba Master Chief ameonekana PS5.

Kwa hiyo kuanzia hapa, anayelalamika aseme analalamikia nini. Toleo ni bovu? Taja kadi yako ya grafiksi, apdeti uliyonayo na mahali linapojizima. Umefungiwa nchi? Sema gemu gani. Kama shida yako ni kwamba jirani naye anacheza, uzi huu utakupita tu, nenda kauze ile konsoli uliyoipiga picha. Boksi bado unalo.