Kangomba na haki ya mali: tunafikiri au tunashabikia tu?

Mdau_Tandahimba:
Wadau salama? Kuna kitu kinanikereketa. Juni 2018 sheria ilipobadilishwa, ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazoenda nje ikawa hairudi tena kwenye mfuko wa zao, huku kusini mwa Tanzania sote tukalia haki yetu imechukuliwa. Novemba mwaka huohuo serikali ikasema inanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kusomba, na mwenye zaidi ya tani moja na nusu akaambiwa aonyeshe shamba kwanza maana wanasakwa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho za wakulima kwa bei ya kutupa nje ya mfumo rasmi. Hapo walewale waliolia wakashangilia. Sasa Ibara ya 24 ya Katiba si inasema kila mtu ana haki ya kumiliki mali? Au kila mtu ukimtoa kangomba?

kijana_wa_Nachingwea:
Mkuu usitetee kangomba hapa. Mtu anamfuata mama yangu mikorosho bado iko kwenye maua, nyumbani hakuna unga, salfa ya kupulizia mikorosho hajanunua, anampa vijisenti halafu msimu ukifika anabeba magunia. Uhuru gani huo wa kuuza wakati una njaa? Na hiyo Ibara soma hadi mwisho, inasema kwa mujibu wa sheria, na ya 30 inakataa kutumia haki yako kumuumiza mwenzio.

Bi_Mikindani:
Mdogo wangu hoja ya njaa naielewa na ina uzito, ila ipime. Jirani akimuuzia mwenzie mbuzi kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto anaumwa, tumnyang'anye mnunuzi? Ukisema hapana basi njaa peke yake haitoshi, tafuta sababu nyingine. Ukisema ndiyo sawa, lakini ujue umeruhusu serikali iingie kwenye mauziano karibu yote ya maskini, hata yale ambayo wewe mwenyewe unayataka. Mi huwa nabadilisha majina, pale penye kangomba naweka mjomba, nikiona hukumu imegeuka najua nilikuwa namchukia mtu tu, haki wala siiwazii. (Na tusidanganyane, kina mjomba wanaofanya kangomba tunao wengi tu.)

kijana_wa_Nachingwea:
Dada mnunuzi wa mbuzi harudi kila mwaka kwa mtu yuleyule!

Bi_Mikindani:
Hapo sasa umeleta sababu! Kwahiyo shida ni deni lisiloisha. Basi tuulizane kama kukataza kunalimaliza au kunafanya biashara ihamie usiku na bei izidi kushuka, hilo linapimika, AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zipo, waulizwe wanachama wanakopa wapi kipindi cha maua.

Mdau_Tandahimba:
Hata kama kangomba ni kosa mi bado nataka akanyang'anywe na mahakama, siyo na mtu wa uhakiki ghalani. Kijana hilo nalo unalipinga?

kijana_wa_Nachingwea:
Hilo silipingi. Ila kesi ziishe kabla korosho hazijaoza.