Nataka bwawa lenye msitu, nimpeleke mama wapi?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi. Mama kaona kwenye simu ya mjukuu picha ya bwawa la milimani, maji ya kijani, msitu pande zote. Kasema nimpeleke sehemu kama ile kabla magoti hayajagoma kabisa. Jumamosi ninaye, pamoja na watoto wawili. Nimewaza Nyumba ya Mungu, maana ni bwawa la kujengwa na lipo huku kwetu. Nisaidieni.

Mzee wa Perege: Bwawa ni kweli, lilijengwa miaka ya 1960 pale mito ya Ruvu na Kikuletwa inapokutana, na linafua umeme mpaka leo. Lakini msitu? Ni migunga, vumbi na jua la utosi. Ukitaka perege wabichi, nenda. Ukitaka baraka za mama, achana nalo.

Binti Rombo: Ziwa Chala je? Maji yale rangi yake haielezeki.

Mzee wa Perege: Dada, ukingo wa Chala ni wa kuteremka kwa makalio. Na mamba wanasemekana wamo.

Kijana wa Tengeru: Mkuu, njoo Ziwa Duluti. Halijachimbwa na mtu, ni kreta ya volkano, ila mama hatakuuliza hilo. Ukiacha tu barabara ya Moshi–Arusha hapa Tengeru unapita migomba, mara unaingia kwenye miti mikubwa na ubaridi unakupiga usoni. Ukisikia "chubwi!" pembeni usishtuke, ni kenge kajitupa majini. Asubuhi kukiwa kweupe, Mlima Meru unauona. Watoto wasiogelee.

Mleta mada: Na magoti? Kuzunguka lote ataweza?

Kijana wa Tengeru: Asizunguke. Kijia kina mizizi imetoka juu, mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni. Mtafutie kivuli karibu na mlango, mbebee kiti na chupa ya chai, wewe zunguka na watoto. Tena wahini, Jumamosi ni siku ya soko hapa, magari hayasogei.

Binti Rombo: Hapo Tengeru pia kuna makaburi ya wakimbizi wa Poland wa wakati wa vita ya pili. Mimi yalinigusa kuliko ziwa.

Mleta mada: Asanteni. Nimemsomea mama yote. Kilichomkaa ni soko tu, anauliza kama ndizi mshare za mtori ni rahisi kuliko za kwetu. Tunatoka saa 12 asubuhi.