Re: Kijana katimiza 16, PIP wametoa pointi 4

Mama Tuli, Reading
Mugonile ndugu zangu. Kijana wangu mnamjua, yule wa mtindio wa ubongo anayetembea na magongo. Katimiza 16, wakamtoa DLA, ile posho ya ulemavu ya watoto hapa Uingereza, wakampeleka PIP ya wakubwa. Barua imekuja: kutembea pointi 4. Yaani eti anavuka mita 50! Mpimaji alipiga simu, akamuuliza, "Kituo cha basi unafika?" Mtoto akasema ndiyo. Hakuulizwa anafikaje, wala anakaa chini mara ngapi njiani. MR naandika, lile ombi la kuangalia upya uamuzi. Swali langu ni moja tu: gari tulilokodi kwa ile posho ya kutembea nalirudisha sasa, au nakaa nalo mpaka MR ijibiwe? Wenye gari wameshaanza kuulizia tarehe.

Mwakyu, Leeds
Pole dada. Malezi yetu ndiyo yanatuponza. Ukiulizwa habari, nzuri, hata kama umelala na homa. Mke wangu na mgongo wake alipopimwa aliulizwa hali, akajibu "tunamshukuru Mungu". Ikaandikwa hana maumivu! Mwambie kijana aeleze siku mbaya, aache adabu. Chini ya mita 50 anapata pointi zake, gari linabaki.

Mhehe, Coventry
Kaka, usimpoteze mama wa watu. Si 50, ni 20. Kati ya 20 na 50 kwa magongo ni pointi 10, hiyo standard, kiwango cha chini, gari hakuna. Asipovuka 20 ndiyo 12, kiwango cha juu, cha gari. Na swali siyo kama anafika. Ni kama anafika salama, anaweza kurudia tena na tena siku hiyohiyo, na hachukui muda mrefu kupita kiasi. Mama Tuli, chukua tepu, pima kutoka mlangoni. Andika anasimama wapi, anahema kiasi gani, kesho yake anaamkaje. Bandika na barua ya fiziotherapia. MR ni mwezi mmoja toka tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Wakigoma, jaza fomu ya SSCS1, mnaonana kwenye rufaa.

Mwakyu, Leeds
Nilimaanisha standard. Wewe nawe kila mada lazima uwe mwalimu wa zamu.

Dada Mkinga, Glasgow
Kwa faida ya walio huku: Scotland posho ya wakubwa siyo PIP, ni ADP. Na mtoto aliyekuwa CDP, ile ya watoto, kabla ya 16 anaweza kubaki huko hadi 18, hakuna pressha ya namna hii. Kupinga uamuzi una siku 42. Hamieni!

Mhehe, Coventry
Anakaa Reading, dada.

Nsa, Luton
Samahani naingilia. Mpwa wangu yuko kwenye viza ya kazi, goti limekufa kabisa. Aombe PIP?

Mhehe, Coventry
Viza yake ina NRPF, yaani haruhusiwi fedha za umma? ASIGUSE. PIP ni public funds, ataharibu ILR yake, kibali cha kuishi huku moja kwa moja. Blue Badge, kadi ya maegesho ya wenye ulemavu, haimo kwenye orodha hiyo, aombe kaunsili.

Mzee wa Tukuyu, Birmingham
Mnajaza fomu mpaka mnaota mvi. Nyumbani kijana huyo angekuwa na binamu kumi wa kumbeba.

Dada Mkinga, Glasgow
Shikamoo mzee. Kubebwa mpaka lini? Kaka yangu kule Makete alibebwa hadi darasa la nne. Binamu wakashuka Makambako kutafuta maisha, shule yake ikaishia hapo. Alikuwa ananishinda hesabu.

Mzee wa Tukuyu, Birmingham
Marahaba mwanangu. Hilo sibishi. Ila kijiji kizima kilimjua. Mimi mlango wangu una njia ya kiti cha magurudumu, kaunsili walijenga vizuri kabisa, na anayepanda pale ni mleta barua tu. Na yeye haniamkii.

Mhehe, Coventry
Tukiamua tunaweza. Neema Crafts, karakana ya wenye ulemavu pale Iringa, ipo tangu 2003, mgahawani wahudumu ni viziwi, unaandika oda kwenye karatasi, kahawa inakuja, hakuna aliyekufa. Tatizo ni hao wenye ofisi. Sheria ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na wenye ulemavu asilimia 3. Nani anaenda kuhesabu? Na ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri ya kuwakopesha wenye ulemavu, muulize diwani wako uone anavyobadilisha mada.

Mwakyu, Leeds
Siasa hizo. Mimi nataka tu mitaro ya Mwanjelwa kule Mbeya ifunikwe. Mtu wa magongo sokoni pale anapita wapi, na bajaji zimejaa pembeni?

Nsa, Luton
Bajaji ndizo zinazomfikisha hapo sokoni, kaka. Mlango kwa mlango, bila fomu.

Dada Mkinga, Glasgow
Mkizungumzia magongo: nani anashukia uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, Desemba hii? Baba mdogo yuko Uyole, mipira ya chini ya magongo imeisha, anateleza kwenye tope. Nina pakiti mbili, hazifiki hata nusu kilo.

Mwakyu, Leeds
Naenda, lakini kilo zangu zimejaa zote. Labda niziweke mifukoni. Ni size gani?