Re: Kozi ya mbinu za utafiti, mwaka wa kwanza: nianzie wapi?

Kutoka: Mtoto wa Katuba (Liège)

Jambo yenu wakubwa,

Nimeanza masomo ya historia hapa Ubelgiji mwezi wa tisa. Kozi zingine zinakwenda, lakini hii ya mbinu za utafiti inanichosha. TP (kazi ya mazoezi) ya kwanza inataka swali moja la utafiti, vyanzo kumi na maelezo mafupi juu ya kila kimoja, kisha kurasa nne. Mimi niliandika "Maisha ya wafanyakazi wa Union Minière Lubumbashi", ile kampuni ya migodi ya wakati wa wakoloni kwetu Kongo. Asistanti akajibu pembeni: hili si swali.

Halafu kuna babu yangu. Alifanya kazi Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, mpaka pensheni na ananisimulia mengi kwa simu. Maneno yake yanaweza kuingia kwenye TP, ama watanicheka?

Kutoka: Yaya wa Ixelles

Jambo mdogo wangu,

Asistanti ana haki. Ulichoandika ni jina la rafu nzima ya maktaba. Swali huwa na watu, mahali, miaka, na jambo ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake.

Chukua mgomo wa wafanyakazi hao wa Desemba 1941. Tarehe 9, askari waliwapiga risasi wafanyakazi waliokusanyika pale Lubumbashi, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, akauawa. Walikufa wangapi? Hesabu ya serikali ya wakoloni na ile inayosimuliwa mitaani hazilingani. Hapo una swali: kwa nini hazilingani, na kila upande ulipata wapi hesabu yake?

Sasa fanya kile wanachokiita hapa uhakiki wa vyanzo. Ripoti ya serikali: nani aliiandika, lini, kwa ajili ya nani, alikuwepo? Aliyetoa amri na aliyehesabu maiti walikuwa watu wa utawala mmoja, kwa hiyo usiimeze nzima. Usiitupe pia. Tarehe, majina ya maofisa na mishahara iliyodaiwa unaweza kuvipata humo. Nyaraka nyingi za Union Minière ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa hapa Brussels. Soma orodha ya mafaili kwanza, uje na namba zake mkononi.

Chukua pia Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wetu. Katika miaka ya 1970 aliwachora wale waliouawa 1941, naye alizaliwa 1947. Picha yake haiwezi kukuthibitishia kilichotokea siku ile. Lakini ukitaka kujua watu wa Lubumbashi walikumbuka nini miaka thelathini baadaye, ni chanzo kizuri kuliko ripoti yoyote. Chanzo kimoja kinaweza kuwa dhaifu kwa swali hili na imara kwa lingine. Ukilielewa hili, nusu ya kozi umeimaliza.

Jambo lingine, maana wengi wanaotoka kwetu linawakamata: huku krediti moja inahesabiwa saa 30 za kazi. Kozi ya krediti 5 ni saa 150, na nyingi kati ya hizo uko peke yako na vitabu. Ratiba ya darasa isikudanganye.

Kutoka: Papa wa Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo kwenu wote huko kwenye baridi.

Yaya amesema vizuri, ila anakimbilia Brussels haraka mno. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu cha hapa, kwa niaba ya waliokuwa maboyi (watumishi wa nyumbani) wa wazungu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwanangu, pengine darasa zima ni wewe tu unayeweza kuisoma bila ile tafsiri! Nukuu kwa Kiswahili kama ilivyoandikwa, bila kusahihisha herufi, kisha weka tafsiri yako chini. Tafuta pia kazi za Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi. Amefanya utafiti mwingi juu ya wafanyakazi hawa na kumbukumbu zao.

Babu aingie, kwa nini asiingie? Mwanahistoria Jan Vansina alikwisha kuonyesha mwaka 1961 kwamba masimulizi ya mdomo yanahakikiwa kama karatasi. Muulize kila jambo: uliona mwenyewe, ama ulisikia kwa nani? Omba ruhusa yake kabla ya kurekodi, na irekodi hiyo ruhusa. Anza kwa kutaja tarehe, mahali, na nani wengine wamekaa hapo, maana mzee mbele ya wakwe zake hasimulii sawasawa na mzee akiwa peke yake. Asistanti umuulize mapema kuhusu fomu ya idhini; Ulaya sheria ya habari za watu binafsi ni kali tangu 2018. Na sauti ya babu usiirushe kwenye grupu la familia, tafadhali.

Kutoka: Mtoto wa Katuba

Aksanti sana Papa, aksanti Yaya. Nimebaki na swali la 1941. Tanbihi je? Naziandika kwa mkono na zinanichanganya.

Kutoka: Yaya wa Ixelles

Papa, kwa Yav nimekubali.

Mdogo wangu, weka Zotero kwenye kompyuta, programu ya kutunza vyanzo na kuandika tanbihi, ni bure. Lakini kagua kila inachokiingiza yenyewe: mwaka wa toleo na jina la mwandishi hukosewa mara nyingi, hasa majina yetu, jina la ukoo likikaa mahali pa jina la kwanza. Na sentensi yoyote unayoinakili, ifunge kwenye alama za nukuu saa ileile, na namba ya ukurasa. Baada ya wiki mbili hutajua tena ipi ni yako, na huku wizi wa maandishi unapewa sifuri, hata kama hukukusudia.

Unatoa lini? Nitumie ukurasa wa kwanza kabla.