Pleti za Kijapani kwa gari zetu Mwanza: alumini, akriliki au stika?

Crown_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Gari yangu imeingia wiki iliyopita, Crown Athlete ya cc 2500, na nina hamu ya kuirudishia sura ya kwao: pleti nyeupe yenye maandishi ya kijani. Nimezunguka mjini nikaonyeshwa aina tatu. Kuna alumini iliyogongwa, namba zimetokeza, ukipapasa unazisikia kwa kidole. Kuna akriliki, bapa, inang'aa sana. Na kuna stika ya kubandika juu ya bati. Nishaurini kabla sijatoa hela.

Fundi Mabatini
Hongera kwa chuma mkuu. Chukua alumini. Akriliki nimezifungua nyingi na zote zinafia palepale, kwenye tundu la boliti. Mtu anakaza kwa nguvu, gari inapiga mashimo ya huko Buswelu, unaanza ufa mwembamba kama unywele, halafu siku moja kona haipo. Stika nayo jua letu linaimaliza, kijani kinapauka.

Ila usilipe bila kupima. Pleti ya Kijapani ya gari ndogo ni milimita 330 kwa 165, na matundu yake mawili yameachana milimita 210. Ikiwa hivyo, inakaa kwenye Crown yenyewe, spana namba kumi tu. Ikiwa si hivyo utaletewa drili, na mimi kutoboa bampa la gari iliyoshuka melini juzi moyo unaniuma.

Binti wa Igoma
Kaka, fundi amesema vizuri kuhusu bati, lakini mimi naona kilichoandikwa ndiyo kazi yenyewe. Nina IST ile ya umbo jipya. Nilitengenezewa pleti ya alumini nzuri kabisa, juu imeandikwa 500. Nikaifurahia mwezi mzima, mpaka nikaanza kusoma zile tarakimu zina maana gani.

Tarakimu ya kwanza inataja daraja la gari. 5 au 7 ni gari ndogo ya abiria: injini isizidi cc 2000, urefu usizidi mita 4.7, upana usizidi mita 1.7. Ikivuka kimoja tu inahamia 3. IST ya zamani ina upana wa milimita 1,695, kwa hiyo ni 5. Yangu ina 1,725. Injini ni ndogo, lakini kwa sentimita mbili na nusu za upana ni gari ya 3! Nikarudi kutengeneza nyingine kwa hela yangu. Crown yako ya 2500 ni 3 bila ubishi, asikuandikie 500.

Angalia na ile herufi moja ya hiragana, mwandiko wa Kijapani, pembeni ya namba. Ukiwekewa "wa" au "re" umetangaza kwamba gari yako ni ya kukodisha.

Kirikuu Nyakato
Wenye kirikuu tusiige rangi hiyo. Gari za cc 660 za binafsi kule zinavaa njano yenye maandishi meusi, nyeupe na kijani si yetu. Nami niliifunga hiyo ya njano nyuma kwa fahari, kumbe kwa mbali inafanana na pleti yetu ya gari binafsi, watu wakawa wananiuliza gari ina namba ngapi. Nimeihamishia ndani, nyuma ya kiti, inaonekana kupitia kioo.

Mdau Capri Point
Hilo la kufunga wapi ndilo lililonigharimu. Niliifunga mbele, pleti ya TRA nikaiweka juu ya dashibodi. Njia ya Usagara nikasimamishwa. Trafiki alikuwa mstaarabu lakini hakuyumba: elfu 30, na nifungue palepale. Nilipiga magoti kwenye vumbi na spana ya kuazima kwa bodaboda. Alikuwa na haki. Gari ikigonga mtu ikakimbia, shahidi wa Mwanza atasomaje hiragana? Pleti ya TRA ikae mahali pake mbele na nyuma, isifunikwe hata kona. Ya Kijapani weka dashibodini ukiwa umepaki, au itundike sebuleni.

Crown_Kirumba
Wabeja sana wote. Nimeshawishika na alumini. Sasa niandike namba gani? Nilitaka 12-34 yenye jina la eneo la Shinagawa kama wengi.

Binti wa Igoma
Usibuni, kaka! Kule pleti hurudishwa gari inapofutiwa usajili ili isafirishwe, ndiyo maana zinatufikia zikiwa tupu. Lakini namba yenyewe inabaki kwenye cheti cha usafirishaji, kile cha Kijapani ulichompa wakala wa forodha. Tafuta nakala yako, tazama sehemu ya namba ya usajili.

Crown_Kirumba
Dada, nimetoa bahasha sasa hivi. Ipo! Herufi mbili za Kijapani, 300, hiragana moja, kisha namba nne. Nimemtumia picha rafiki anayesoma Kijapani, anasema ni Kobe. Miaka yote hiyo ilikuwa inaitwa hivyo na mimi nilitaka kuipa namba ya mtu mwingine. Fundi, Jumamosi asubuhi upo? Naleta cheti tuandike herufi kwa herufi.

Fundi Mabatini
Nipo kuanzia saa mbili. Njoo na nakala, ile halisi iache nyumbani, mikono yetu ina grisi.