Naomba ushauri: nitavukaje salamu za ngazi na jirani yangu?
Wadau habari zenu, naomba mawazo yenu. Naishi Pipeline huku Embakasi, na mnaozijua hizi gorofa mnajua vile tumebanana, mlango kwa mlango, mpaka nasikia jirani akisonga ugali lakini hatujuani kabisa. Tukipatana kwa ngazi ni "sasa", "poa", kila mtu anaingia kwake anafunga.

Kuna mama wa mlango unaoangaliana na wangu, ana mtoto mdogo. Juzi maji yalirudi tukapanga foleni ya mitungi pale chini, nikamuuliza mtoto anaendeleaje, akasema "tuko sawa tu" lakini macho chini, anazungusha kifuniko cha mtungi na kilikuwa kimeshafunga zamani. Hayuko sawa huyu, na inanisumbua sana. Nilitaka kuuliza zaidi nikaogopa ataona namchimba, na kwa ploti umbea unapanda ngazi haraka kuliko watu.

Sasa nianzie wapi? Swali la "uko sawa?" naona linajibiwa "niko sawa" na mazungumzo yanaisha hapo, labda nimuulize kitu kidogo tu, kama mtoto analala usiku? Nimpelekee chapati ama ataona namhurumia? Nikimwambia kwanza yangu, vile mimi pia nalea peke yangu, atafunguka? Na akifunguka ninyamaze nisikilize ama anatarajia nimsaidie? Akina mama mliopata marafiki wa kweli kwa ploti hapa Nairobi, nyinyi mlianza na maneno gani?